Uzi wa Kioo

Mama wa mchumba wangu alikubali kuniona siku ya Ijumaa, akiwa kitandani hospitalini, baada ya miaka miwili ya kukataa hata kusikia habari zangu. Alimwambia mwanawe maneno machache tu: "Mlete huyo mwanamke nimwone kabla hawajanipasua."

Upasuaji ulipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Zamu yangu ilikuwa inaisha saa mbili, na kutoka mgodini hadi hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Nilipiga hesabu nikaona muda unatosha, na wa kubaki upo.

Watu wakisikia nafanya kazi mgodini hudhani nachimba. Mgodi wenyewe uliachwa kabla sijazaliwa. Kampuni moja iliukodi kwa sababu mwamba wa kule chini ni baridi mwaka mzima, na mashine zinazotunza kumbukumbu za watu hupenda baridi. Basi wakajaza seva kwenye mapango, kabati kwa kabati, wakaweka humo kumbukumbu za shule, za mahakama, na za hospitali yetu. Mimi ni fundi wa mtandao. Kazi yangu ni kuangalia kwamba njia inayounganisha seva hizo na dunia ya juu haikatiki. Tunashuka kwa lifti mita mia mbili, tunakaa siku nne tukilala huko huko katika vyumba vilivyochongwa kwenye jiwe, kisha tunapanda kupumzika siku nne. Simu za mkononi tunaziacha getini, ndiyo sheria. Kinachotuunganisha na watu wetu ni simu moja ya ukutani inayoishia kwenye kibanda cha mlinzi. Wenzangu huniita Waya, kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya wembamba wangu, sijui lipi lilitangulia.

Mchumba wangu ni fundi cherehani. Tulijuana siku nilipompelekea ovaroli iliyotoboka magoti yote mawili. Aliigeuzageuza mezani, akaniuliza kama nasali sana au natambaa. Nikamwambia natambaa. Alicheka, kisha akaniangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumpima mtu, nami sikugeuza uso. Akaitia viraka vya ngozi vizuri mno hata nikaona haya kuivaa kazini. Tangu siku hiyo aliniita Fundi, nami nikamwita Fundi. Watu wakitusikia walidhani tunagombania mteja.

Mama yake hakucheka. Kwake mimi nilikuwa mwanamke mvaa suruali, anayelala siku nne shimoni na wanaume. Siku moja alisema mbele ya ukoo mzima, "Mtu anayeshushwa ardhini na kupandishwa kila wiki ni maiti, si mchumba." Dada mkubwa wa Fundi, ambaye ndiye aliyekuwa mdomo wa familia, aliyabeba maneno hayo akayatembeza mji mzima hadi yakanifikia dukani nikinunua sabuni. Fundi hakuwahi kubishana nao. Aliniomba nivumilie, na mimi nikavumilia, kwa sababu akiniangalia kutoka nyuma ya ile cherehani nilisahau nilichokuwa nimekasirikia.

Kwa hiyo habari ya Ijumaa iliponifikia, niliomba irudiwe. Aliyeniletea kwa simu ya ukutani ni mlinzi wa getini, mzee tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Aliirudia mara nne kwa furaha yake mwenyewe. Nilitoa gauni la bluu alilonishonea Fundi, nikalitundika kwenye msumari karibu na kitanda changu ili mikunjo ilegee.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi tulisikia kishindo, kisha vumbi likatoka kwenye njia ya zamani ya hewa. Nilipofika kwenye chumba cha mitambo, skrini zote za mtandao zilikuwa nyekundu.

Mtandao wetu una njia mbili za kutoka nje. Moja inapita kwenye shimo la lifti, na waya wake ulikuwa umezimwa tangu Jumanne ukitengenezwa. Ya pili inapita kwenye njia ile ya hewa. Jiwe lilikuwa limeanguka likaikata.

Nilimpigia Redio anipe mkuu wangu wa kazi. Aliniambia kikosi kutoka mjini kitafika saa saba mchana, kwamba fundi wa kunipokea ameamka na homa hawezi kuja, na kwamba zamu yangu ikiisha nipande nikapumzike, njia ya hewa si salama. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha chumba changu niende kulichukua gauni, Redio akapiga tena. Hospitali walikuwa wakiuliza picha zao ziko wapi. Mgonjwa wa saa nne anavuja damu ndani, daktari amesema hagusi kisu bila kuona ule uvimbe umekaaje, na mashine ya kupigia picha nyingine haifanyi kazi bila seva zetu.

Nilimwuliza Redio kama wamemtaja mgonjwa. Mara hii alishusha sauti.

"Binti," akasema, "ni mama mkwe wako."

Sikumbuki kuirudisha simu ukutani. Nakumbuka tu nimefungua kabati la vifaa, naitafuta mashine ya kuungia nyuzi, na Bwana Pampu ananiuliza naenda wapi. Huyu ni mtu mzima anayehudumia mabomba ya maji ya kupozea, amekaa mgodini tangu enzi za wachimbaji. Nilipomweleza, hakusema kitu. Alichukua taa yake na kofia mbili.

Tulikuwa bado tunafunga kamba mdomoni mwa njia ya hewa simu ilipolia tena. Saa mbili na dakika kumi. Fundi alikuwa amefika getini kunichukua.

Kwa sheria za pale, mtu wa nje haruhusiwi kushika simu ile. Kwa hiyo Redio akawa katikati yetu. Aliniambia kijana amekuja na gari la kukodi, amevaa shati jeupe, anasema nifanye haraka. Nilimwambia amweleze kwamba njia imekatika, kwamba picha za mama yake zimefungiwa huku chini, kwamba siwezi kupanda sasa. Nilimsikia akiyasema yote hayo kwa sauti kubwa kama anatangaza mpira. Kisha akarudi kwangu.

"Anasema kuna mafundi wengi. Mama yake ni mmoja."

"Mwambie leo huku chini niko peke yangu."

Akamwambia. Kisha nikamsikia Redio akisema pembeni, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Haya ya kwenu siwezi kuyabeba mimi. Shika."

Pumzi ya Fundi ikaja sikioni mwangu, karibu sana.

"Fundi," akasema. "Panda. Dakika kumi tu akuone, halafu nitakurudisha mwenyewe."

"Kwenda na kurudi ni saa nzima. Kuunga kwenyewe ni saa nyingine. Itakuwa imepita saa nne."

"Watamngoja."

"Yeye ndiye hawezi kungoja. Nani amekuambia damu inangoja?"

Nilisikia gari linaunguruma nyuma yake.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nampigia magoti yule mama. Leo amekuita kwa mdomo wake, na wewe unaniambia habari za nyaya."

"Nakuambia habari za maisha yake. Nikipanda, ataniona. Halafu?"

"Kila siku ni shimo, Fundi. Kila siku."

"Leo shimo lina picha za mama yako."

Alivuta pumzi mara mbili. Sauti iliporudi ilikuwa imechoka. "Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie ukweli. Mwambie niko huku namshughulikia, na akitoka tu atanikuta mlangoni."

"Haelewi mambo ya mtandao. Ataelewa kitu kimoja tu, kwamba ameita na hukuja."

"Basi mweleweshe wewe. Una mdomo."

"Sawa," akasema. Nikasubiri aseme Fundi, kama tunavyoagana siku zote. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Njia ya hewa inaanza na urefu wa mtu, kisha inakushusha magotini, mwishowe tumboni. Nilitambaa mbele na begi la vifaa, Bwana Pampu nyuma yangu akishika kamba iliyofungwa kiunoni mwangu. Maji ya mwamba yalikuwa yakidondoka shingoni. Kila tulipopumzika tulisikia vijiwe vikiteremka mahali fulani mbele yetu, na Bwana Pampu alisema hao ni panya, ingawa sote tulijua mgodi ule hauna panya.

Waya uliokatika ulikuwa na nyuzi kumi na mbili za kioo ndani yake. Kila uzi ni mwembamba kama unywele, na mwanga unaopita humo ndio unaobeba kila kitu. Nilijua hospitali wanatumia zipi: wa bluu na wa rangi ya chungwa. Unaumenya uzi, unausafisha kwa spiriti, unaukata mwisho wake uwe sawasawa, unaulaza kwenye mashine ukitazamana na mwenzake, mashine inaziyeyusha zikawa uzi mmoja. Kazi nimeifanya mara mia kadhaa, nyingine huku nikipiga soga.

Siku ile uzi wa kwanza ulivunjika mkononi mwangu. Nikamenya tena, ukavunjika. Wa tatu uliingia kwenye mashine na mashine ikaukataa. Nilikuwa namwona yule mama amelala, macho yake mlangoni, kila anayeingia si mimi. Nilisema kwa sauti kwamba ninamuua. Kwamba nimemnyima nilichoombwa, na hiki nilichochagua pia kinanishinda.

Bwana Pampu aliiweka taa juu ya jiwe.

"Waya," akasema, "lia kwanza. Ukimaliza tutafanya kazi."

Nikalia. Nililia nimelala kifudifudi kwenye maji, mdomo juu ya mkono wangu, na yeye akanishika kifundo cha mguu kwa kuwa ndicho pekee alichoweza kukifikia. Sijui ilichukua muda gani. Kisha nikafuta vidole kwenye kitambaa kikavu, nikaumenya uzi wa bluu, na ukakubali. Wa chungwa ulikubali mara ya pili. Kipande kimoja cha kioo kilizama kwenye kidole changu cha shahada, nikakiacha humo humo.

Bwana Pampu alirudi nyuma kwenda kwenye simu. Nilibaki gizani na taa yangu ya kichwani, nikimsubiri. Aliporudi alinipigia kelele tangu mbali kwamba wameziona. Daktari amezifungua. Saa nne kasoro dakika sita. Mgonjwa anaingizwa.

Nilitaka kupanda saa ile ile. Lakini nyuzi kumi zilibaki, na mwisho wa kila uzi kuna watu nisiowajua, na njia ya kuzifikia nilikuwa nimeshaipita. Nikaziunga zote. Kikosi kutoka mjini kilipofika saa saba, walikuta skrini zote za kijani, na mkuu wangu akanigombeza kwa kuvunja amri yake kisha akanipa gari lake na dereva. Gauni sikulikumbuka. Niliingia hospitalini na ovaroli iliyolowa, matope hadi kwenye nyusi, watu wakinipisha njia kama nimebeba jeneza.

Chumba cha mama kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi. Fundi alikuwa kwenye benchi, viwiko magotini, shati jeupe limekunjamana. Dada mkubwa alisimama mlangoni. Nilimwamkia, hakuitikia. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Alinijibu kwa maneno ya kupima. Mama ametoka salama, uvimbe wote umeondolewa, amelala. Daktari amesema wangechelewa saa moja zaidi wangempoteza, kwa sababu picha zilikwama. "Hilo shimo lenu," akasema, "nusura lituulie mama."

Nilishika ukuta. Amepona. Nilitabasamu, nadhani, maana uso wake ulibadilika.

"Unacheka nini? Mama amekuuliza mara tatu kabla hajaingizwa. Mara tatu. Huyu ndugu yangu akaenda mwenyewe kukufuata, akakuta hupo. Akaambiwa umetoka kazini tangu jana, na hakuna anayejua ulikolala. Mama ameingia chumba cha upasuaji na hayo moyoni. Sasa saa nane ndiyo unakuja, umejipaka matope ili tuamini nini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamgeukia Fundi. Aliinua macho, yakakutana na yangu. Macho yale niliyajua yakiwa yamechoka, yakiwa na wivu, yakiwa na usingizi. Sikuwahi kuyaona yakinikimbia. Aliyashusha, akaanza kukifungua na kukifunga kifungo cha mkono wa shati.

"Fundi," nikasema. "Mwambie dada nilikuwa wapi."

Ilikuwa sentensi moja tu. Nilimsubiri. Dada naye alimsubiri, nitamtetea kwa hilo, alimwangalia mdogo wake kama anayetaka kusikia. Muuguzi alipita na kigari cha dawa, gurudumu moja linalia.

"Dada," akasema hatimaye, "tuongee polepole. Mama amelala."

Nikageuka nikaenda zangu kwenye ngazi. Alinifuata, akanifikia pale ngazi zinapopinda, mahali ambapo mtu wa juu hawezi kuona. Alikuwa anahema. Alinieleza kwa kunong'ona, maneno yakikanyagana. Alipofika hospitali mama alimuuliza niko wapi, akashindwa kumwambia kwamba nipo na nimekataa kuja. Aliona afadhali mama aamini sikuwepo kuliko aamini nilikuwepo nikakataa. Alisema alitaka mama aingie na moyo mweupe, kwamba hilo la kutojulikana nilikolala aliliongeza dada mwenyewe, na kwamba angenieleza.

"Na sasa ametoka," nikasema. "Mwambie."

"Ngoja apate nguvu kwanza."

"Dada yako je? Naye ana kidonda?"

Aligeuka kuangalia ngazi za juu.

"Unaogopa nini, Fundi?"

"Watasema nimemdanganya mama akiwa kwenye kitanda cha upasuaji. Hawatanisamehe."

"Kwa hiyo afadhali mimi nionekane malaya kuliko wewe uonekane muongo."

Alifumba macho kama nimempiga. Kisha akauona mkono wangu. Aliuchukua bila kuomba, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakiona kile kipande cha kioo kinavyong'aa chini ya ngozi. Mtu aliyezoea sindano. Alikibana kidole changu kwa kucha mbili, akakivuta kioo polepole hadi kikatoka, na tone la damu lilipofuata alilibana kwa upindo wa shati lake jeupe. Kichwa chake kilikuwa karibu na kidevu changu. Nilisikia harufu ya chaki ya nguo na pasi. Nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote, na nikajua kwamba akisema neno moja tu la kweli nitakaa, nitamsubiri huyo mama apate nguvu, wiki, mwezi, mwaka.

"Umeumia kwa ajili yake," akasema taratibu. "Najua. Mimi najua, Fundi."

"Ukijua peke yako hainisaidii."

Juu yetu mlango ulifunguliwa. Sauti ya dada ikashuka kwenye ngazi, ikimwita, mama ameamka anamtaka. Kisha ikauliza, "Uko na nani huko?"

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Aliniangalia. Niliona akifikiri, niliona neno likimfika kooni.

"Niko peke yangu," akajibu. "Nakuja."

Sikumvuta wala sikumsukuma. Niliutoa mkono wangu kama unavyotoa uzi kwenye tundu la sindano, nikashuka. Alisema tutaongea kesho. Nikamwambia hapana, Fundi, mimi na wewe tumemaliza kuongea leo. Nilisema bila hasira, na nadhani hilo ndilo lililomfanya asinifuate.

Nje, kando ya lango la hospitali, kuna benchi la saruji wanapokaa watu wanaosubiri usafiri. Nilikaa hapo. Jua lilikuwa kali, ovaroli ikaanza kukauka na kuwa ngumu mwilini, na nikaanza kulia bila sauti, kisha kwa sauti, mikono imelala mapajani, nimeshindwa hata kuuficha uso. Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya chai na mfuko wa matokeo ya vipimo alisogea akakaa karibu nami. Alinipapasa mgongo juu ya yale matope bila kujali.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Umefiwa na nani?"

"Mgonjwa amepona," nikamwambia.

Alidhani nimechanganyikiwa. Akanivuta kifuani kwake, akanifunika kichwa kwa ncha ya khanga.

"Amepona, mama," nikarudia. "Amepona kabisa."

Na sikuweza kunyamaza.